Maneno ya Kuazima

Mwanamke aliyeahidi kuja kurekodiwa hakuja. Alituma ujumbe kwamba mumewe amemkataza, na baada ya hapo simu yake ikawa haipatikani.

Mshona mapazia alikuwa anapiga upindo wa pazia la ofisi fulani wakati binti yake anausoma ujumbe huo. Hakuhitaji kuambiwa. Aliona mabega ya mwanawe yanavyoshuka, kama pazia lililochomoka kwenye kulabu, akatoa mguu kwenye pedeli.

"Nini tena?"

"Haji, mama. Na kesho adhuhuri ndio mwisho wa kupokea."

Hofu ikamshika mama mtu, ile ile aliyoizoea. Hofu ya mzazi haina likizo. Ukiipa kisogo, inazunguka inakuja mbele.

Binti alikuwa na shahada ya kwanza, na sasa aliomba kusomea ya pili, ya saikolojia tiba. Mama yake aliishia shule ya msingi, lakini jambo hilo alilielewa kwa namna yake: ni elimu ya kumtibu mtu kwa kumsikiliza, yule aliyeumia mahali ambapo sindano haifiki. Baba mtu, dereva wa malori, aliposikia mara ya kwanza alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Anakwenda kusomea wazimu? Ukoo mzima tumempa wa bure, hajatosheka?" Akaanza kumwita Dokta wa Vichaa, na jina likakaa. Lakini huko barabarani, mbele ya madereva wenzake, alikuwa anajisifu naye. Watu walimletea mkewe habari.

Waombaji walikuwa wengi na viti vichache. Katika viti hivyo vichache, kimoja tu kilikuwa na ufadhili: ada, vitabu, chumba cha kulala, na cha kutia mdomoni. Kukipata kiti bila ufadhili, kwa nyumba kama yao, ilikuwa ni kualikwa karamu ng'ambo ya mto usio na daraja. Binti alikuwa amevuka vikwazo vyote: vyeti, walimu wawili wa kumsemea, maelezo ya kwa nini anaitaka kazi hii. Kilibaki kimoja. Kamati ya udahili ilitaka isikie jinsi anavyosikiliza. Akae na mtu mzima mwenye shida yake ya kweli, aliyekubali kurekodiwa, asitajwe jina, na asiwe ndugu. Hapo walikazia: asiwe ndugu.

"Kwani mimi si mtu?" mama akauliza.

"Wewe ni mama yangu."

"Nani atajua? Mwenye duka ananiita mama. Mkusanya taka ananiita mama. Yule askari wa getini, mkubwa kuliko mimi, naye ananiita mama. Na mimi wote nawaita mwanangu. Hiyo mashine yako itajuaje nani nimemzaa na nani nimemwokota?"

Binti akacheka kwa kutotaka. "Wanataka shida ya kweli, mama. Wewe shida yako ni mteja aliyepima dirisha kwa hatua za miguu."

"Na hiyo si ndogo! Lakini niachie mimi. Washa hicho kidude."

Chumba cha kushonea kilikuwa kimejaa vitambaa kutoka sakafuni hadi juu, na vitambaa vinameza sauti. Hata gari likipita nje unalisikia kama linapita katika ndoto ya mtu mwingine. Binti alifunga mlango, akaweka simu kati yao juu ya bunda la kitambaa, akavuta pumzi.

"Karibu, mama. Uko huru kuniambia lolote, na uko huru kunyamaza."

Mama akatazama mikono yake. Alikuwa amekusudia kuzungumzia mgongo na wateja. Lakini akawaza: nani atatoa ufadhili kwa ajili ya mgongo? Kamati itapiga miayo. Watoto wa wenzake watakuwa wamepeleka mambo mazito, mambo ya kutoa machozi. Mwanawe ataachwa kwa sababu mama yake hana shida ya maana. Na hofu ile ikamfungua mdomo.

"Mwanangu," akasema, "mimi nimebaki nguo inayotembea. Aliyekuwa anaivaa ameshaondoka."

Binti hakusogea.

"Nikiamka asubuhi nasikia watu wanataja jina langu, najiuliza wanamwita nani. Nakula, lakini sijui ninamlisha nani. Kuna saa natamani tu mtu anikunje, aniweke kabatini, afunge."

Maneno hayo hakuyatunga. Aliyeyasema alikuwa ni wifi yake.

Wifi huyu, dada wa mumewe, alikuwa anaishi nyumba ya tatu kutoka hapo. Ndiye aliyekuwa akipiga pasi mapazia yakishashonwa. Mkunjo wake ulikuwa umenyooka kama mstari wa daftari, na wateja walikuwa wakisema mapazia ya pale yanaanguka vizuri, hawajui kwamba sifa hiyo ni ya wifi. Miezi michache nyuma alikuwa amezika mtoto wake wa pekee, mchanga, wa kungojewa miaka. Watu walikuja, wakasema Mungu atampa mwingine, wakaondoka. Siku moja, pasi mkononi, alimwambia mke wa kaka yake maneno yale: nguo inayotembea, kunjwa, kabatini. Na mshona mapazia alimjibu nini? Alimjibu: "Uchovu tu huo, wifi. Kanywe maji ulale." Kisha akampa pazia jingine.

Sasa maneno hayo yalikuwa yanamtoka yeye, moja baada ya jingine, na yalimkaa vizuri kupita kiasi. Binti alikuwa anauliza polepole. "Ulianza lini kujisikia hivyo?" "Nani mwingine anajua?" Mara nyingine hakuuliza kitu, alinyamaza tu, na ukimya wake ulikuwa kama mkono ulioshikilia ngazi ili mtu ashuke. Mama akajikuta analia machozi ambayo hakuyapanga. Alilia kwa fahari. Mwanangu anaijua kazi, akawaza, na simu inasikia.

Ilipozimwa, binti alimkazia macho.

"Mama. Umeyatoa wapi yale?"

"Kichwani. Si ulitaka kitu cha kusikiliza?"

"Umenitisha."

"Basi na wao watatishika," akasema mama, akapangusa uso kwa kipande cha kitambaa. "Peleka."

Wakapeleka.

Nyumba ikaingia katika kungoja. Mama alikuwa anashona huku sikio liko kwenye simu ya mwanawe. Ikilia yeye anajichoma sindano. Katikati ya kungoja huko, wifi alikuja na gauni la buluu juu ya mkono, limepigwa pasi hata kola inasimama yenyewe.

"La nini hili, wifi?"

"La Dokta. Akiitwa kwenye usaili avae hili. Mimi sina pa kulivalia."

"Jamani! Gauni lako la harusi ya mdogo wenu?"

"Harusi imepita," akasema wifi, akatabasamu kidogo, akaenda zake. Mshona mapazia alishukuru, akamshukuru na Mungu, maana kununua gauni jipya kungewatoa jasho.

Binti aliitwa. Alirudi jioni na gauni lake la buluu, midomo imekauka, akakaa kwenye bunda la kitambaa bila kutandika kitu.

"Wamekukataa," mama akasema.

"Hapana. Profesa mwenyekiti amesema rekodi yangu ndiyo iliyowashika kuliko zote. Amesema ufadhili uko karibu sana na mimi."

"Sasa sura hiyo ya msibani ni ya nini?"

"Wanamtaka yule mama."

"Mama gani?"

Binti akamtazama tu.

"Wamesema maneno yale si maneno ya kuacha yapite. Mtu akisema vile, lazima aonwe na mtaalamu. Mimi nilitakiwa nimuulize pale pale kama yuko salama, sikuuliza. Kwa hiyo nimpeleke kliniki yao, wamuone, ndipo wamalize kuniamulia."

Mama akacheka kicheko kifupi kisicho na meno. "Basi ni hilo tu? Nitakwenda. Nitawaambia nimepona."

"Umepona? Bila dawa, bila daktari? Watakuweka vitabuni, mama."

"Na nikisema nilikuwa natania?"

"Ndipo watasema nimewapelekea mchezo wa kuigiza. Na wakijua wewe ni nani kwangu, hata jina langu watalifuta." Binti akafunika uso. "Niende nikawaambie ukweli mwenyewe?"

Hapa ndipo pa kusimama, mzazi unayesoma. Mtoto alikuwa ameshafungua mlango wa kutokea. Mama yake ndiye aliyeufunga.

"Hakuna kwenda kusema chochote," akasema. "Kiti hicho ni chako. Nitaumwa mpaka utakapokipata."

Siku ya kliniki walitoka nyumbani pamoja, lakini walipokaribia mtaa ule mama akamwambia mwanawe atangulie, wasionekane wanatembea kama watu wa nyumba moja. Akabaki nyuma, anamwangalia yule aliyembeba mgongoni akimpita kama mpita njia. Alihisi baridi ingawa jua lilikuwa limewaka.

Mapokezini palikuwa na meza ndefu na viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja kwa chuma. Mpokeaji wageni, kijana mchangamfu, aliwatazama wote wawili.

"Karibuni. Mama, huyu dada ni nani wako?"

Swali dogo. Watu wanalijibu kila siku bila kufikiri. Lakini ulimi wa mama ulikuwa mzito kama pasi.

"Ni... mtoto wa jirani. Amenisindikiza tu."

"Ajabu! Mmefanana mpaka mwanya wa meno."

"Duniani wawili wawili, mwanangu," mama akasema.

Kijana akacheka. Binti akageuka kutazama tangazo ukutani. Mama hakumtazama usoni. Alijua akimtazama tu, uongo wote utaanguka pale sakafuni. Umewahi kumkana mtoto wako naye amesimama hapo anasikia? Usijaribu, hata kwa heri yake.

Akaitwa ndani. Chumba kilikuwa kidogo: viti viwili, boksi la karatasi laini, dirisha lenye pazia lililoshonwa vibaya, upindo unapanda upande mmoja. Mlango ulikuwa na kioo chembamba cha kwenda juu. Kupitia hapo aliona kipande cha korido, na bega la buluu la mwanawe. Mtaalamu alikuwa mwanamke, mdogo kwake kwa umri, mpole wa sauti.

"Nimesikiliza maneno yako, mama. Nimefurahi umekuja. Watu wengi wanaosema vile hawaji."

"Ndiyo," akasema mama.

"Usingizi je?"

"Hauji." Hilo lilikuwa kweli, tangu waitwe kliniki hakulala.

"Chakula?"

"Nakula, lakini sijui ninamlisha nani," akarudia, na safari hii maneno yalimkwama kama mfupa. Mbele ya mwanawe yalikuwa yametiririka. Hapa, mbele ya mgeni aliyeinamisha kichwa kuyapokea, hayakuwa mchezo tena. Mtaalamu hakusema uchovu tu huo. Hakusema kanywe maji. Alikuwa ameyashika kama mtu anavyoshika kitu kinachoweza kulipuka.

"Mama, nitakuuliza maswali magumu, nawauliza wote wanaojisikia hivi. Umewahi kuona afadhali usingekuwepo?"

Hilo wifi hakulisema. Au alilisema? Mtu akitaka kukunjwa na kufungiwa kabatini, anataka nini hasa?

"Sijui," akasema, sauti imepungua.

"Sawa. Na siku hizi, umeanza kugawa vitu vyako? Vile unavyovipenda, au vya kazi yako?"

Mama akafungua mdomo kusema hapana, maana yeye hajampa mtu hata kifungo. Lakini jicho lake lilikuwa kwenye kioo cha mlango, kwenye lile bega. Buluu. Kola inasimama yenyewe. *Mimi sina pa kulivalia.*

Na pasi. Ee Mungu, pasi! Juzi tu wifi alikuwa amekuja na pasi yake, ile nzito, waya umezungushwa vizuri na kufungwa kwa utepe, akaiweka juu ya meza ya kukatia. "Baki nayo wewe. Mkono wangu umechoka." Na mshona mapazia alikuwa amejisemea moyoni kwamba wifi siku hizi amekuwa mvivu. Mpiga pasi ameleta pasi yake, ameiaga, na yeye ameitia kwenye umeme siku ile ile akaitumia!

Akashika mikono ya kiti.

"Mama? Umekumbuka kitu?"

Akili yake ikaenda mbio kama panya aliyewashiwa taa. Akisema, mwanawe amekwisha. Asiposema... Akatafuta katikati, maana mwoga siku zote hutafuta katikati.

"Tuseme ni mtu mwingine," akasema. "Si mimi. Tuseme tu. Mtu mwenye maneno kama yale, kisha akagawa gauni lake zuri. Akagawa na chombo chake cha kazi."

Mtaalamu hakushtuka. Lakini alisogea mbele mpaka ukingoni mwa kiti. "Ningetaka kujua mtu huyo yuko wapi sasa hivi. Na yuko na nani."

"Yuko peke yake."

"Ni nani, mama?"

"Maneno yale si yangu," akasema, na machozi yakamtoka kabla ya sauti. "Niliyaazima. Ni ya wifi yangu. Aliniambia mimi, nikamwambia akalale."

Mtaalamu alikuwa ameshasimama. "Ana simu?"

"Mimi namba sina kichwani, iko..." Mama akauvuta mlango kwa nguvu mpaka kioo kikatetemeka. "Mwanangu! Mpigie shangazi yako! Mpigie shangazi yako haraka!"

Binti akaruka kwenye kiti, simu mkononi, anabonyeza. Mtaalamu alibaki mlangoni, anamtazama mama, anamtazama binti. Mama angeweza kuwa mama wa yeyote. Mwanangu angeweza kuwa mtoto wa mtaa mzima. Lakini wifi yangu akishakuwa shangazi yako, hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea anaimaliza.

Mtaalamu hakuimaliza kwa sauti. "Anapokea?" akauliza tu.

"Inaita," akasema binti. Kisha: "Imekatika." Kisha: "Inaita tena. Hapokei."

Walikwenda kwa gari la kliniki. Mama alikaa nyuma, akawa anaomba, na katika kuomba kwake akagundua jambo la kutisha: alikuwa hajui amwombee nani kwanza, wifi au kiti cha mwanawe. Ndani ya gari lile lile, na mtu huenda anakufa, moyo wake ulikuwa bado unapima. Akajiogopa. Hakuwahi kumwogopa mtu kama alivyojiogopa pale.

"Mama," binti akasema chinichini, bila kugeuka. "Yale yalikuwa ya shangazi?"

"Ndiyo."

"Na mimi niliyasikiliza. Nikawa nawaza nimeuliza vizuri kiasi gani."



Mlango wa wifi ulikuwa umefungwa kwa ndani. Binti aligonga, akaita shangazi, kimya. Mama akagonga kwa viganja vyote viwili. "Wifi! Wifi, fungua, ni mimi! Wifi we, usinifanyie hivyo!" Jirani mmoja akachungulia akauliza kama kuna wezi. Mtaalamu akawaomba wanyamaze, akaweka sikio, akasema kwa sauti ile ile ya chumbani: "Dada, hatujaja kukulaumu. Tungependa tu kukuona."

Muda ukapita, mrefu, kisha komeo likasogea.

Wifi alisimama na kanga kifuani, nywele hazijachanwa, macho ya mtu aliyetolewa mbali. Nyuma yake chumba kilikuwa kimefagiliwa mpaka kinang'aa, na sakafuni kulikuwa na mafurushi yamefungwa moja moja, kila moja na ncha mbili za fundo zimesimama kama masikio. Sufuria peke yake. Mashuka peke yake. Nguo ndogo, ndogo mno, peke yake. Mama akaona, akakaa chini pale kizingitini.

"Mmekuja na wageni," wifi akasema, "na mimi viti nimeshavitoa."

"Sakafu inatosha," mtaalamu akasema. Akavua viatu, akaingia, akakaa chini katikati ya mafurushi kama vile ndivyo anavyokaa siku zote.

Walizungumza wawili hao kwa muda mrefu, mlango umerudishwa. Mama na mwanawe walikaa nje ukutani. Sauti ya wifi ilisikika mara moja tu, kali, imepasuka.

"Maneno yangu? Yamefika chuoni?"

Mlango ukafunguliwa. Wifi hakumtazama kwanza mshona mapazia, aliyekuwa analia pale chini. Alimtazama binti, gauni lake la buluu, ndipo akamgeukia mke wa kaka yake.

"Nilikupa wewe," akasema. "Sikumpa mtu mwingine duniani. Nikakwambia wewe, ukaniambia kanywe maji. Kumbe uliyaweka akiba. Kumbe yalikuwa na kazi. Mmenunulia shule maneno yangu?"

"Nisamehe, wifi."

"Nilikuwa nazama, na wewe unachota."

Hakusema zaidi. Alikwenda na mtaalamu garini, akalazwa kwa siku kadhaa, na akabaki hai. Hilo liandikwe kwa herufi kubwa kama mwandishi angejua kuzipamba: alibaki hai. Kama si kamati ile kusikia kile ambacho wa nyumbani hawakukisikia, mafurushi yale yangefunguliwa na wengine.

Binti alikwenda chuoni mwenyewe, hakungoja kuitwa. Alivaa nguo zake. Mama alimngoja nje ya geti, ameshikilia chuma, na alipomwona anarudi alijua kabla hajafika, maana alikuwa anatembea taratibu kama mtu asiye na pa kuwahi.

"Wamesemaje?"

"Profesa alinisikiliza mpaka mwisho. Hakufoka. Ningependa angefoka." Binti akaegemea geti. "Amesema nina sikio zuri. Lakini kazi hii mtu anakukabidhi kitu ambacho hajampa mwingine, na mimi nimewaletea cha mtu bila hata kujua ni cha nani. Kiti amepewa mwingine. Ufadhili pia."

"Na mwakani?"

"Amesema nisiombe mwakani. Amesema nikiomba tena, niwe nimeshajua kwa nini."

Walirudi nyumbani. Baba mtu aliporudi safari na kuambiwa, alikaa akizungusha funguo za lori kidoleni. Dada yake wa tumbo moja, nyumba ya tatu kutoka kwake, na yeye alikuwa akipita na kupiga honi. Tangu siku hiyo jina la Dokta wa Vichaa halikutajwa tena katika nyumba ile, na ukimya wa jina hilo ulimuuma binti kuliko lilipokuwa linatajwa.

Kwa hiyo ninyi wenye watoto wanaoomba kusomea kazi ya kuponya watu: mkiwaona wamekwama, wapeni chai, wapeni nauli, wapeni bega. Msiwape jeraha la mtu. Na ndugu yako akikuambia neno linalokufanya utake kubadilisha mazungumzo, usibadilishe. Weka chini ulichoshika, umuulize yuko salama au hayuko. Usiseme uchovu.

Wifi siku hizi anakwenda kliniki kila wiki. Njia yake inapita mbele ya dirisha la mshona mapazia. Hasalimii. Hageuzi hata shingo. Siku ya kliniki ikifika, mshona mapazia anazima cherehani mapema, binti anaweka chini sindano, na wote wawili wanakaa kimya wanasikiliza barabarani. Akichelewa, mama hatulii. Anasimama, anakaa, anasimama. Kisha ndala zinasikika, zile zile, polepole, zinakaribia, zinapita mlangoni bila kusimama, zinakwenda.

"Amepita," binti anasema.

"Amepita," anajibu mama. Na ndipo anapoweza kuvuta pumzi, mpaka wiki nyingine.